Vijiko 150: Nani Ameketi na Mgonjwa wa Tumbo Kaliua?

Naanza na hesabu, kwa kuwa siasa za afya katika nchi yetu hupenda kukimbilia hotuba kabla ya hesabu. Mtoto mwenye uzito wa kilo 10 amefikishwa zahanati akiharisha. Macho yamebonyea, ana kiu kubwa, na ngozi ya tumbo ikifinywa inarejea polepole. Mwongozo unaotumika duniani, na hapa kwetu pia, unaagiza anyweshwe maji ya ORS mililita 75 kwa kila kilo ya uzito wake ndani ya saa 4. Hizo ni mililita 750. Kijiko cha chai hubeba mililita 5. Mtoto huyu, basi, anahitaji vijiko 150 katika dakika 240, yaani kijiko kimoja takriban kila dakika moja na nusu. Akitapika, asubiriwe dakika 10, kisha aanzwe tena polepole zaidi.

Katika hesabu hii hamna mashine wala daktari bingwa. Kuna kikombe, kijiko, maji salama, pakiti ya unga na mtu aliyeketi. Swali langu ni moja tu: mtu huyo ni nani, na dola imemwandalia nini?

Hoja ya makala haya ni kwamba, kwa sehemu kubwa ya maradhi ya utumbo wa chini, uuguzi si kijakazi wa tiba. Uuguzi ndio tiba yenyewe. Nasi, kwa sera, kwa bajeti na kwa aibu zetu, tumeugeuza kuwa kazi isiyoonekana. Tunahesabu majengo, tunahesabu vidonge, tunahesabu mashine. Saa za muuguzi kando ya kitanda hatuzihesabu, na kisichohesabiwa serikalini hakina mtetezi siku ya bajeti.

Naiandika nikiitazama Kaliua. Ni wilaya changa katika barabara kongwe. Ilimegwa kutoka Urambo mwaka 2012, wakati sensa ilipoonyesha kuwa na watu karibu laki nne. Sensa ya 2022 ilikuta wamezidi laki sita. Reli ya Kati hupita hapo ikielekea Kigoma, na hapo ndipo tawi la Mpanda huchepuka. Kabla ya reli palikuwa na misafara: wapagazi waliotoka Bagamoyo wakatua Unyanyembe, penye Tabora ya leo, kisha wakashika njia za magharibi kuelekea Ujiji. Baada ya misafara wakaja Waingereza na Mpango wao wa Karanga huko Urambo, ukafa, tumbaku ikarithi ardhi. Mwaka 1972 Ulyankulu ikapokea wakimbizi kutoka Burundi, ambao wengi wao leo ni raia wenzetu. Wakaja wafugaji na ng'ombe wao, wakaja wakulima wa msimu. Hii ni nchi ya watu wanaohama na kuhamia, na mtu anayehama hunywa maji ya kisima cha muda na kujisaidia katika choo cha muda, au vichakani. Maradhi ya tumbo hayahitaji mwaliko mwingine.

Tumefanya nini? Tumejenga, na nisiwe mchoyo wa sifa. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi wa mwaka 2007, tuliouzoea kwa jina la MMAM, uliahidi zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Majengo yameinuka, mabati yanang'aa, mawe ya msingi yamewekwa na majina ya waheshimiwa yamechongwa. Lakini jengo halimnyweshi mtoto kijiko. Katika zahanati nyingi za vijijini nchini utamkuta muuguzi mmoja au wawili wanaopima wajawazito, wanaochanja watoto, wanaozalisha, wanaofunga vidonda, wanaogawa dawa, na jioni wanajaza vitabu vya MTUHA kwa sababu takwimu zinasubiriwa wilayani. Mtu wa namna hiyo akipokea watoto watatu wanaoharisha asubuhi moja, anahitaji vijiko 450 kabla ya adhuhuri. Hawezi. Atafanya nini? Atamwandikia mama pakiti mbili za ORS, vidonge vya zinki, mara nyingi na Flagyl juu yake, kisha atasema, «Kampe nyumbani.» Mama atakwenda kilomita kadhaa kwa miguu au kwa bodaboda, huku mtoto akiendelea kukauka mgongoni.

Hapa wapo watakaosema kwamba ni mama ndiye anayepaswa kumnywesha mwanawe. Ni kweli. Mwongozo wenyewe unamweka mama mbele. Lakini mama hafundishwi kwa sentensi moja iliyosemwa dirishani. Muuguzi anapaswa kukaa naye, achanganye naye pakiti ya kwanza katika maji safi ya lita moja, amwonyeshe kijiko, amwonyeshe dalili za kuzidiwa, amsikie akieleza kwa maneno yake mwenyewe, na arudi kumtazama mtoto kila saa. Na aulize kwa upole kile ambacho mama anaogopa kukisema: je, kuna aliyekwambia kwamba ni meno ya plastiki? Kwa maana hadi leo wapo watoto wanaong'olewa vijino visivyoota bado, kwa kisu au kwa sindano ya baiskeli, kwa imani kwamba ndivyo vinavyowaharisha. Imani hiyo haiondolewi kwa bango la ukutani. Huondolewa na mtu anayeaminika na mwenye muda. Muda ndio dawa iliyokosekana katika orodha ya Bohari ya Dawa.

Nimesema maradhi ya utumbo wa chini, si kuhara peke yake. Tuyapitie, kwa sababu kila moja linatoa ushahidi uleule.

Kufunga choo. Watu hulicheka tatizo hili. Shangazi yangu alivunjika nyonga akalazwa katika hospitali moja ambayo sitaitaja. Wodi ilikuwa na vitanda vingi bila pazia hata moja. Siku ya tatu akaanza kukataa chakula. Madaktari wakadhani ni maumivu, wakaongeza dawa za maumivu, ambazo nyingine zenyewe hufunga choo. Nilipomwuliza kwa siri, alininong'oneza: «Mwanangu, hapa wanaingia wakwe za watu mchana kutwa. Nitajisaidiaje mbele yao? Nisipokula sitahitaji.» Siku ya nane akaanza kutokwa na majimaji bila kujizuia. Katika faili ikaandikwa kwamba anaharisha, akapewa dawa ya kuzuia kuharisha. Usiku ule akaingia zamu muuguzi wa makamo, mama mtulivu, akamwinamia na kuuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza kwa wiki nzima: «Bibi, mara ya mwisho kupata choo kigumu ilikuwa lini?» Kisha akavaa glavu, akapima, akajua. Kinyesi kilikuwa kimeganda chini kama udongo wa tofali, na yale majimaji yalikuwa yanapenya pembeni yake. Akatundika shuka mbili kama pazia, akamhudumia hadi saa nane za usiku. Asubuhi shangazi aliomba uji.

Sikisimulii kisa hiki ili kumlaumu daktari yeyote. Nakisimulia kwa sababu kinaonyesha ujuzi. Kutambua kwamba majimaji yaweza kuwa dalili ya kuziba na si ya kuharisha ni elimu. Kujua kwamba mgonjwa asiyekula huenda anaikimbia aibu, hiyo pia ni elimu. Muuguzi yule hakuwa na kipaji cha ajabu. Alikuwa na mafunzo, na usiku ule alikuwa na wagonjwa wachache kuliko kawaida. Tukiwanyima wauguzi wetu hali hiyo ya pili, mafunzo yao huoza mikononi mwao.

Bawasiri. Pita katika kituo chochote cha mabasi, au fungua simu yako, utaona matangazo: tiba ya bawasiri bila upasuaji, siku saba, lipa ukipona. Kwa nini soko hili limestawi? Kwa sababu mwenye bawasiri haoni mahali pa kwenda kusema. Tiba yake ya awali ni ya kiuguzi kabisa: kukalia maji ya uvuguvugu dakika 10 hadi 15 mara kadhaa kwa siku, maji ya kunywa ya kutosha, mboga, matunda na nafaka isiyokobolewa, kutoahirisha haja, kutokaa chooni muda mrefu ukijikamua. Ni maelekezo ya robo saa. Lakini jambo kubwa zaidi ni lile linalofuata: si kila damu ni bawasiri. Hospitali zetu za Muhimbili na Ocean Road zimekuwa zikieleza kwamba saratani ya utumbo mpana inaongezeka, na kwamba wagonjwa wengi hufika wakiwa wamechelewa. Wengi wao walitibiwa bawasiri kwanza, kwa miezi au miaka, na watu ambao hawakuwahi kuwapima kwa kidole kilichovaa glavu. Kipimo hicho hakihitaji umeme. Kinahitaji mtu aliyeidhinishwa, chumba chenye mlango, na lugha ya heshima.

Upasuaji wa utumbo. Madaktari wa Bugando, Mwanza, wameandika kwa miaka mingi kuhusu wagonjwa wanaofikishwa na utumbo uliotobolewa na homa ya matumbo, wengi wakiwa watoto na vijana, wengi wakiwa wamechelewa. Mwingine hufika na utumbo uliojisokota, mwingine na ngiri iliyobanwa. Daktari mpasuaji hufanya kazi ya saa mbili au tatu. Baada yake kuna siku kumi ambazo ni za muuguzi. Ni yeye anayetazama kama tumbo linavimba, kama jeraha linanuka, kama mkojo unatosha. Ni yeye anayeuliza, «Umetoa upepo?» na wanafunzi wangu hucheka nikiwaambia kwamba hilo ni miongoni mwa maswali mazito katika wodi ya upasuaji, kwa kuwa jibu lake hueleza kama utumbo umeamka. Na mgonjwa akirudi nyumbani Kaliua na kolostomia, yaani utumbo umetolewa ubavuni mwa tumbo ili kinyesi kipitie hapo, nani atamfundisha kuilinda ngozi isiungue? Mifuko yake ni adimu na ghali. Watu hujifunga vitambaa na mifuko ya nailoni. Wapo wanaojitenga na watu, wasiende tena msikitini wala kanisani, kwa hofu ya harufu. Kwa mtu huyu, muuguzi wa kumtembelea mara moja kwa mwezi angekuwa tofauti kati ya kuishi na kungoja kufa.

Sasa niseme juu ya aibu, kwa maana ndiyo iliyolifunika jambo hili lote. Twaongea kwa sauti kuhusu moyo, figo, hata kansa ya matiti. Tumbo la chini tunalinong'oneza. Tunasema «kwenda haja», «kwenda nje», «tumbo linaniendesha», na staha hiyo ni sehemu ya adabu yetu, siibezi. Ila staha ikigeuka kuwa ukimya wa sera, inaua. Na tusidhani kwamba ni ugonjwa wa Waswahili peke yao. Mwaka 1864 David Livingstone alikuwa Uingereza akisumbuliwa na bawasiri, akashauriwa afanyiwe upasuaji. Alikataa, akihofia kwamba habari za maradhi yake zingeenea magazetini. Miaka minane baadaye, mwaka 1872, alikaa miezi kadhaa Kwihara, jirani na Tabora, akingoja wapagazi. Kisha akaenda kusini, akitokwa na damu, akidhoofishwa na kuhara damu, hadi akafia kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, mwezi Mei 1873.

Nani alimwuguza? Abdullah Susi, James Chuma na wenzao. Walimtengenezea machela alipokosa nguvu za kutembea, wakamvusha mito, wakamjengea kibanda. Susi alimchemshia maji na kumpa dawa usiku wa mwisho. Kijana Majwara alilala karibu naye akimwangalia. Kisha wakaubeba mwili, wakapita Unyanyembe, wakaufikisha Bagamoyo Februari 1874. Vitabu vya historia vinawaita watumishi waaminifu. Mimi nasema walikuwa wauguzi, na njia ya misafara iliwajua wengi wa namna yao: wapagazi waliowabeba wapagazi wenzao walioharisha damu njiani, ambao majina yao hakuna aliyeyaandika. Dunia ilimzika mgonjwa katika Westminster Abbey. Wauguzi wake iliwaita watumishi. Waulize wauguzi wa leo kama mambo yamebadilika sana.

Njia hiyohiyo ilibeba pia kipindupindu. Mwaka 1876 daktari James Christie, aliyekuwa akifanya kazi Unguja, alichapisha kitabu kinachofuatilia jinsi ugonjwa huo ulivyosafiri Afrika Mashariki kwa kufuata njia za misafara ya biashara. Zama hizo aliyekauka hakuwa na tumaini kubwa. Kilichobadilisha hali hiyo kilipata ushahidi wake mkubwa mwaka 1971, wakati wakimbizi wa vita ya Bangladesh walipofurika Bangaon, India, na kipindupindu kikawaangukia. Dripu zilikwisha. Daktari Dilip Mahalanabis akaamua kutumia maji yaliyochanganywa chumvi na sukari, yakagawanywa kwa vikombe, na ndugu wa wagonjwa wakafundishwa kunywesha. Vifo vilivyokuwa takriban 30 katika kila wagonjwa 100 vilishuka chini ya 4. Tazama kilichofanyika: maji hayo yalikuwa yamekwisha kujaribiwa na wanasayansi, jipya lilikuwa kuwapanga watu wa kuketi, kuwafundisha na kuwasimamia.

Wala tusiende mbali. Mei 2015 Warundi waliokimbia machafuko walisongamana Kagunga, kijiji cha mwambao wa Ziwa Tanganyika mkoani Kigoma. Kipindupindu kikalipuka. Wagonjwa walifika 3,000. Waliofariki walizidi 30 kidogo. Kila mmoja wa hao ni msiba, lakini uwiano huo ni wa takriban mtu mmoja katika kila 100, mahali pasipo maji, pasipo vyoo, pasipo hospitali. Iliwezekana kwa sababu kwa wiki kadhaa dunia na serikali ziliamua kupeleka watu wa kuhudumia, usiku na mchana. Basi nauliza: kama tuliweza Kagunga katika dharura, kwa nini hatuwezi katika kijiji cha kawaida cha Kaliua katika mwezi wa kawaida wa masika? Au mtoto anayekufa peke yake, bila kamera, hafai kuitwa dharura?

Najua majibu yanayokuja. La kwanza ni kwamba hakuna fedha. Jibu hili lingekuwa na uzito kama tungekuwa tunaomba mashine. ORS na zinki ni miongoni mwa dawa za bei nafuu kabisa. Ghali ni mshahara wa mtu, na hapo ndipo ukweli unapojificha: jengo hugharimiwa mara moja na hufunguliwa kwa ngoma, mshahara hulipwa kila mwezi kwa miaka 30 na hakuna anayeukatia utepe. Ndiyo maana ikama ya wauguzi hubaki na nafasi wazi huku wahitimu wa vyuo vya uuguzi wakizunguka mitaani na vyeti vyao. Nchi yenye upungufu wa wauguzi na wauguzi wasio na ajira kwa wakati mmoja haina tatizo la fedha tu. Ina tatizo la vipaumbele.

La pili: wauguzi wana lugha chafu. Nimelisikia kila mahali, na silikani. Wapo wanaowatukana wagonjwa, na mwanamke aliyejichafulia akakemewa mbele za watu hatarudi tena hospitali. Anayefanya hivyo anavunja maadili ya taaluma yake. Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 na Baraza lililopo vinatosha kumwajibisha. Lakini tuwe wakweli. Mtu mmoja akipewa wagonjwa 40 kwa usiku mmoja, maji yakatike, glavu ziishe, hasira yake itamfikia aliye karibu, na aliye karibu ni mgonjwa. Kumwadhibu muuguzi na kuliacha bomba likiwa kavu ni unafiki wa kiutawala.

La tatu ndilo linalonikera zaidi: ndugu wapo. Ndiyo, wapo. Ni mama, binti, mke, shangazi. Mara chache mno ni mwanamume. Analala chini ya kitanda, anamwaga beseni, anafua mashuka mtoni, anapika uani. Msimu wa kuchuma na kukausha tumbaku anaacha kazi shambani na deni la pembejeo linabaki palepale. Mfumo wetu wa afya unasimama juu ya mabega ya mwanamke huyu, haumlipi, haumfundishi, halafu unamkemea kwa kukaa wodini nje ya saa za kuona wagonjwa. Bangaon ilionyesha kwamba ndugu ni nguvu kubwa akifundishwa na kusimamiwa. Akiachwa peke yake, yeye ni kisingizio tu cha serikali kutoajiri.

Pengo la uuguzi halibaki tupu. Hujazwa na vidonge. Mtoto anayeharisha majimaji bila damu kwa kawaida hahitaji antibayotiki. Miongozo husema hivyo bayana: maji, zinki kwa siku 10 hadi 14, chakula na maziwa ya mama yaendelee, antibayotiki ni za kuhara damu, kipindupindu kikali na hali nyingine maalumu. Lakini Flagyl hutolewa kama peremende. Mtu mzima mwenye tumbo linalouma hupimwa Widal, kipimo kisichoaminika kikisimama peke yake, anaambiwa ana taifodi, anapewa siprofloksasini, na mwezi ujao anaambiwa hivyo tena. Sababu si ujinga wa watoa huduma. Kumpa mtu kidonge huchukua dakika moja. Kumsikiliza huchukua ishirini. Mfumo unaonyima watu muda utanunua dawa, na dawa hizo zitakuja kutukataa siku tutakapozihitaji kweli.

Tumewahi kujua njia iliyo bora. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya Watanzania kwa mamilioni katika vikundi vya kusikiliza redio, wakajadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Haikuwa kamilifu, lakini ilimchukulia mwanakijiji kama mtu mwenye akili. Miaka ya karibuni tumekuwa na Nyumba ni Choo, tuna mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, tuna mradi wa maji wa miji 28 ambao umeitaja Kaliua miongoni mwa miji yake. Yote ni mema. Ila hakuna hata mmoja utakaokaa na mtoto kwa saa nne.

Nadai nini, basi? Mambo matano, na yote yanaweza kuanza kabla ya bajeti ijayo kusomwa.

Kwanza, kila zahanati na kituo cha afya kiwe na kona ya kunyweshea: benchi, ndoo yenye bomba, vikombe, vijiko, saa ya ukutani. Mtoto aliyekauka asiruhusiwe kuondoka kabla ya saa 4 kutimia na kupimwa upya.

Pili, ikama ya wauguzi ikokotolewe kwa saa za huduma, si kwa idadi ya majengo. Taarifa za wilaya zionyeshe muuguzi mmoja alihudumia wagonjwa wangapi kwa zamu, kama zinavyoonyesha idadi ya chanjo.

Tatu, pazia, mlango na choo cha wodini viwekwe katika orodha ya vifaa tiba. Vilimkosa shangazi yangu, na gharama yake ilikuwa kubwa kuliko bei ya kitambaa.

Nne, muuguzi aliyesomea apewe mamlaka ya wazi ya kupima, kuamua na kutoa rufaa kwa mwenye damu kwenye choo, bila kungoja baraka za mtu mwingine ambaye hayupo. Kutoka Kaliua hadi Kitete, Tabora, ni zaidi ya kilomita 100. Siku inayopotea kwa urasimu haiwezi kurudishwa na gari la wagonjwa.

Tano, ndugu wa mgonjwa atambuliwe. Apewe mafunzo ya siku ya kwanza, mahali pa kulala, maji na sabuni, na uthibitisho wa kumwonyesha mwajiri au chama chake cha msingi kwamba alikuwa akiuguza.

Wanafunzi wangu, mnaoandika tasnifu juu ya sera za afya: nendeni mkakae katika zahanati kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi jioni, na mhesabu dakika ambazo muuguzi alitumia kwa kila mgonjwa. Wanaharakati: msidai hospitali mpya kabla ya kuuliza ni nani atakesha katika ile ya zamani. Nanyi watumishi wa umma mnaoandaa makisio: mkifika kwenye kasma ya mishahara ya afya na kalamu ikawa tayari kukata, kumbukeni kijiko cha chai. Kina mililita 5. Vinahitajika 150. Mtoto mmoja, asubuhi moja, Kaliua. Kila nafasi mnayoifuta katika ikama ina watoto waliokuwa wakisubiri kijiko chao.